Chumvi ya Jongo Nje ya Viungo: Mwongozo kwa Wakazi wa Lodwar na Kakuma

Jongo hujulikana zaidi kwa kidole gumba cha mguu kinachovimba usiku na kuuma hata uzito wa shuka usivumilike. Lakini chumvi inayoleta maumivu hayo haikai kwenye viungo peke yake. Ikiachwa miaka mingi hujikusanya pia chini ya ngozi, kwenye ukingo wa sikio, katika mfuko wa ute ulio nyuma ya kiwiko, kwenye kano ya kisigino, kwenye nyama ya ncha za vidole na, pabaya kuliko kote, ndani ya figo. Huko huweza kukaa kimya bila kuuma, na kwa sababu haiumi, wengi huizoea kama alama ya uzee au ya kazi ngumu. Vinundu vinavyofanywa na chumvi hiyo ni ushahidi kwamba mwili umebeba akiba kubwa ya chumvi, na akiba hiyo inaweza kuyeyushwa kwa dawa ya kawaida, ya bei nafuu, ikitumiwa ipasavyo.

Chumvi yenyewe hutokana na asidi ya yuriki. Kila chembe hai ya mwili, na kila kipande cha nyama kinacholiwa, kina kemikali ziitwazo purini. Zikivunjwa, mabaki yake ni asidi hiyo. Takriban theluthi mbili ya asidi ya yuriki hutengenezwa na mwili wenyewe na theluthi moja hutoka kwenye chakula. Theluthi mbili hutolewa na figo kupitia mkojo, nyingine hutoka na choo. Mbuzi, ngamia na punda wana kimeng'enya kiitwacho yurikesi, ambacho huigeuza asidi hii kuwa kitu kinachoyeyuka kirahisi, ndiyo maana hawaugui jongo. Binadamu hana. Wanasayansi hukadiria kwamba ukoo wa nyani wakubwa na binadamu ulikipoteza kimeng'enya hicho miaka milioni 15 hivi iliyopita, zama zisizo mbali na zile za fuvu la Alesi, nyani wa miaka milioni 13 aliyechimbuliwa Napudet, magharibi mwa Ziwa Turkana, mwaka 2014.

Damu yenye joto la nyuzi 37 huweza kubeba asidi ya yuriki hadi miligramu 6.8 hivi kwa kila desilita. Ikizidi hapo, chumvi huanza kuganda kuwa fuwele nyembamba zenye umbo la sindano. Sehemu za mwili zilizo baridi zaidi, kama masikio, vidole na visigino, hugandisha chumvi hata kwa kiwango cha chini ya hapo, na hii ndiyo sababu vinundu vya kwanza hupenda kutokea huko. Mtu angeweza kudhani kwamba joto la Lodwar, ambalo mchana hufika nyuzi 35 na kuendelea, lingekuwa kinga. Sivyo. Joto kali na hewa kavu huufyonza mwili maji, damu na mkojo vikawa vizito, na chumvi ikapata nafasi ya kuganda.

Kwa Waturkana habari hii ina upande wake wa pekee. Mwaka 2025 jarida la Science lilichapisha utafiti uliochunguza vinasaba vya mamia ya watu wa eneo hili na kukuta sehemu nane zilizobeba alama za kuchujwa na mazingira kwa vizazi vingi. Iliyojitokeza zaidi iko karibu na jeni inayoitwa STC1, inayofanya kazi kwenye figo. Jeni hiyo huitikia homoni inayouamuru mwili ubane maji, na inahusishwa pia na namna figo zinavyokabiliana na mabaki ya vyakula vyenye purini nyingi kama nyama nyekundu. Katika jamii ambayo mfugaji hupata asilimia 70 hadi 80 ya lishe yake kutoka kwa mifugo, kwenye maziwa, damu na nyama, huo ni urithi wa thamani. Hata hivyo haufai kuchukuliwa kama hati ya kinga kwa kila mtu. Utafiti wa awali, uliotolewa mwaka 2020 katika Science Advances, uliwalinganisha wafugaji na ndugu zao waliohamia vijiji vya kudumu na wale waliohamia mijini. Waliokwenda mijini walikuwa na hali mbaya zaidi ya uzito, shinikizo la damu na mafuta mwilini. Hali hizo hizo ndizo huandamana na asidi ya yuriki iliyozidi. Anayeishi Lodwar kwa chai yenye sukari nyingi, soda, chapati na pombe ana mwili wa mfugaji katika maisha ambayo mwili huo haukuandaliwa kwayo. Na Kakuma, ambako kambi imekuwepo tangu 1992 na makazi ya Kalobeyei yakaongezwa mwaka 2016, wanaishi watu kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi na Ethiopia, kila mmoja na urithi wake.

Kwa kawaida vinundu huonekana miaka kumi hivi baada ya shambulio la kwanza la jongo lisilotibiwa. Wapo wanaovipata mapema zaidi. Mwenye figo dhaifu ni mmoja wao. Mwingine ni mama mtu mzima anayetumia kwa muda mrefu dawa za shinikizo zinazoongeza mkojo, kama haidroklorothiazaidi au furosemaidi. Kwake vinundu huweza kutokea kwenye vifundo vya vidole vya mikono bila yeye kuwahi kupata shambulio kali, na mara nyingi huambiwa ni baridi yabisi tu. Anayetumia dawa hizo asiziache mwenyewe, bali amuulize daktari kama inawezekana kubadilishiwa. Losatani, kwa mfano, hushusha shinikizo na pia hupunguza kidogo asidi ya yuriki.

Dawa za kifua kikuu zinastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa ugonjwa huo umeenea sana Turkana. Pirazinamidi, inayotumika katika miezi miwili ya kwanza ya matibabu, huzuia figo kutoa asidi ya yuriki. Mgonjwa anayepata maumivu ya viungo wakati huo amwambie mhudumu wa kliniki, lakini asikatishe matibabu ya kifua kikuu kwa hali yoyote. Kiwango hushuka dawa hiyo inapomalizika.

Kinundu cha jongo huwa kigumu, hakiumi kikibonyezwa, na ngozi iliyo juu yake huwa nyembamba hata weupe au umanjano uonekane chini yake. Kikipasuka hutoa uji mweupe kama chokaa mbichi. Tatizo ni kwamba Turkana ina vivimbe vya aina nyingi, na kukosea hapa kuna gharama kubwa. Mguu uliovimba na kutoa chembechembe nyeusi, nyeupe au za manjano kupitia matundu madogo huenda una maisetoma, ugonjwa unaoingia kwa mwiba na unaojulikana vizuri na madaktari wa Lodwar. Huo huhitaji matibabu mengine kabisa, na ukicheleweshwa hula mfupa. Ndewe la sikio lililonenepa pamoja na mabaka ya ngozi yasiyo na hisia huamsha shaka ya ukoma. Uvimbe wa tumboni unaokua polepole huweza kuwa mfuko wa maji wa minyoo ya mbwa, ambao umeitesa Turkana kuliko karibu mahali pengine popote duniani. Mnamo miaka ya 1980 AMREF iliendesha mpango maalumu wa kuudhibiti. Jongo haliweki uvimbe wa namna hiyo tumboni. Uvimbe laini unaoteleza chini ya kidole mara nyingi ni mafuta tu.

Njia ya kuondoa shaka si ngumu. Tone la ute lililovutwa kwa sindano nyembamba huwekwa chini ya hadubini, na fuwele zenye umbo la sindano huonekana, hasa kwa hadubini yenye vichujio vya mwanga. Mahali pasipo na kifaa hicho, daktari huunganisha historia ya mashambulio, kipimo cha damu na picha. Eksirei huonyesha mfupa uliolika na ukingo wake ukining'inia juu ya shimo, na mashine ya mawimbi ya sauti huonyesha chumvi iliyotanda juu ya gegedu.

Figo ndizo za kuhofiwa kuliko vyote. Chumvi huziumiza kwa njia mbili. Ya kwanza ni mawe, ambayo huwapata kati ya mtu mmoja na wawili katika kila wagonjwa kumi wa jongo. Hayo hutokea mkojo ukiwa mchache na wenye uchachu mwingi, yaani pH iliyo chini ya 5.5. Dereva wa bodaboda anayeshinda juani bila maji, mvuvi wa Kalokol, mchoma makaa na mchungaji aliye mbali na kisima wote wako katika hatari hiyo. Dalili yake ni maumivu makali ya ubavu yanayoshuka hadi kinenani, kichefuchefu, na mkojo wenye damu. Eksirei ya kawaida haiyaoni mawe ya asidi ya yuriki, kwa hiyo picha safi si uthibitisho kwamba jiwe halipo. Mashine ya mawimbi ya sauti hufaa zaidi. Lakini mawe haya yana faida moja ambayo mengine mengi hayana: huweza kuyeyuka. Daktari huandika potasiamu sitreti ili kupunguza uchachu wa mkojo hadi pH ya 6 au 6.5, mgonjwa akanywa maji mengi, na baada ya wiki kadhaa jiwe likapungua au kwisha. Maumivu ya ubavu yakija pamoja na homa na kutetemeka, au mkojo ukikatika, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, kwa kuwa figo iliyozibwa na yenye maambukizi huharibika upesi.

Njia ya pili ni fuwele zinazojipanga ndani ya nyama ya figo yenyewe. Hii haina maumivu. Madhara yake mara nyingi hugunduliwa kwa kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, na kwa sababu hiyo kila mwenye kinundu apimwe kreatinini, shinikizo na sukari hata kama anajiona mzima.

Sehemu nyingine huathirika kwa nadra. Kinundu kwenye kifundo cha mkono huweza kubana mshipa wa fahamu na kuleta ganzi ya vidole. Kwenye uti wa mgongo huweza kubana uti na kudhoofisha miguu, na hapo mfugaji atachunguzwa kwanza kwa brusela na kifua kikuu cha mgongo, na ni haki, kwa kuwa hayo ni ya kawaida zaidi. Fuwele zimewahi kukutwa hata kwenye jicho na kwenye vali za moyo.

Kinundu kisikatwe nyumbani, kisichanjwe, kisichomwe kwa chuma cha moto wala kukamuliwa. Ngozi yake haina damu ya kutosha, na jeraha lililo juu ya chumvi hukataa kufunga kwa miezi. Kikipasuka chenyewe, kioshwe kwa maji safi na sabuni, kifunikwe kwa kitambaa safi kinachobadilishwa kila siku, mgonjwa aende kituoni. Wekundu unaosambaa, usaha wenye harufu au homa ni dalili za maambukizi. Upasuaji una nafasi yake pale ambapo kinundu kimeambukizwa, kinabana mshipa wa fahamu au kinamzuia mtu kuvaa kiatu na kushika jembe. Hata hapo dawa ya kushusha asidi huendelea, la sivyo chumvi hurudi pale pale.

Dawa yenyewe kwa wengi ni alopurinoli. Hupunguza utengenezaji wa asidi ya yuriki, na damu ikipungukiwa huanza kuvuta chumvi kutoka kwenye akiba. Huanzishwa polepole: miligramu 100 kwa siku, au 50 kwa mwenye figo dhaifu, kisha huongezwa kila baada ya wiki chache kulingana na kipimo. Wagonjwa wengi huachwa kwenye kidonge kimoja cha 100 kwa miaka bila kupimwa tena, na hili ni kosa kubwa kuliko yote katika matibabu ya jongo. Kinachotafutwa ni kiwango. Asidi ya yuriki ishuke chini ya miligramu 6 kwa desilita, na kwa aliye na vinundu iwe chini ya 5. Karatasi nyingine za maabara hutumia mikromoli kwa lita. Huko 6 ni 360, na 5 ni 300. Mgonjwa akiijua namba yake na kuiandika kwenye kitabu cha kliniki, atakuwa na la kumuuliza daktari kila ziara. Ikumbukwe pia kwamba katikati ya shambulio kipimo huweza kuonyesha kiwango cha kawaida. Kirudiwe baada ya wiki mbili.

Miezi ya kwanza ya dawa huja na mashambulio mengi zaidi, kwa sababu chumvi inayoyeyuka huuchokoza mwili. Wengi huacha dawa hapo wakiamini kwamba inawadhuru. Ndiyo maana daktari huandika kolkisini kidogo, miligramu 0.5 mara moja au mbili kwa siku, kwa miezi mitatu hadi sita. Mwenye figo dhaifu hupewa pungufu. Kolkisini ikizidi kipimo ni sumu, na kuharisha ni onyo la kwanza. Shambulio likija, alopurinoli haikatishwi. Kuna jambo moja tu linalomlazimu mgonjwa kuiacha papo hapo bila kusubiri ushauri: vipele mwilini, hasa katika miezi miwili ya kwanza, na zaidi vikiambatana na homa, vidonda vya mdomo, macho mekundu au ngozi inayochubuka. Huyo aende hospitali siku hiyo na asiionje tena dawa hiyo. Kwa asiyeivumilia kuna febuksostati, ambayo hutolewa kwa uangalifu kwa mwenye ugonjwa wa moyo.

Vidonge vya maumivu ndivyo vinavyoharibu figo nyingi kimyakimya. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza damu inayofika kwenye figo, na kwa mtu aliyekaukiwa maji katika joto la Turkana madhara huwa makubwa zaidi. Siku chache za shambulio, kwa mwenye figo nzima na maji ya kutosha, zinavumilika. Kununua dukani kila wiki hakufai. Predinisoloni hutuliza haraka, na kwa hiyo huuzwa sana, lakini haiondoi hata chembe ya chumvi. Anayeishi nayo hupandisha sukari na shinikizo, ngozi yake hukonda, na vinundu huendelea kukua chini ya nafuu ya uongo. Vidonge visivyo na jina wala pakiti viachwe kabisa.

Maji ni nusu ya matibabu ya figo. Lengo ni kukojoa lita mbili au zaidi kwa siku, na katika hali ya hewa ya Lodwar hilo huhitaji kunywa lita tatu hadi nne, zaidi kwa anayefanya kazi juani. Asiye na cha kupimia aangalie rangi: manjano iliyopauka inatosha, manjano nzito ni deni. Maji ya kisima cha mchangani kwenye laga yachemshwe au yatiwe dawa. Anywe pia kabla ya kulala, kwa kuwa usiku ndio mkojo huwa mzito. Mwenye kufunga Ramadhani ayagawe maji kati ya futari na daku. Mgonjwa wa moyo au wa figo zilizochoka aulize kwanza kiasi chake.

Chakula husaidia, ila kwa kiasi. Lishe peke yake mara nyingi hupunguza miligramu moja tu hivi, na aliye na vinundu hawezi kuponywa kwa sahani. Vya kupunguzwa ni maini, figo, supu nzito ya nyama, dagaa waliokaushwa, soda na pombe, busaa na bia hasa. Maziwa hushusha asidi ya yuriki, na mfugaji hana sababu ya kuyaacha. Maharagwe na dengu za mgao wa chakula kambini hulaumiwa bure: purini za mimea hazijaonekana kuongeza jongo, na kumnyima mkimbizi dengu ni kumnyima protini aliyo nayo. Njaa nayo hupandisha asidi, kwa kuwa mwili unaojila wenyewe hutoa kemikali zinazoifungia njia kwenye figo. Baada ya ukame, au baada ya mgao kupunguzwa kama ilivyotokea Kakuma mwaka 2025, mlo mkubwa wa nyama wa ghafla huweza kuwasha shambulio. Ni afadhali kurudi kwenye chakula polepole.

Kwa aliye Kakuma, mahali pa kuanzia ni Hospitali ya Misheni au, ndani ya kambi, Hospitali ya Ammusait. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iko Lodwar, umbali wa kilomita 120 hivi, na kesi za uti wa mgongo, figo zilizofeli au upasuaji mgumu huenda mbali zaidi, hadi Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret. Kwa umbali huo, anayehama na mifugo aombe dawa za miezi mitatu kwa mara moja na kuzitunza kwenye chombo kikavu kivulini, si chini ya bati. Kipimo cha asidi na kreatinini kifanywe kila mwezi au miwili wakati dozi inapandishwa, kisha mara mbili kwa mwaka. Vinundu vidogo hupungua ndani ya miezi. Vikubwa huchukua miaka miwili hadi kadhaa, na kadiri kiwango kinavyokuwa chini ndivyo vinavyoyeyuka upesi. Vikiisha, dawa huendelea maisha yote, kiwango kikiruhusiwa kupanda kidogo bila kuvuka 6.